Mvinyo wa Santorini ulikuwa mtamu kule kisiwani, nimefika nao nyumbani umegeuka. Tatizo ni nini?

#1 Kiti cha Ufukweni
Wakuu, salaam.

Mwaka jana mwezi wa tisa mimi na mke wangu tulikwenda Santorini, Ugiriki. Siku sita za kupumzika, ratiba hatukuwa nayo. Asubuhi ufukweni Perissa, mchana usingizi, jioni tunapanda kijijini Pyrgos, tunakaa kibarazani na kutazama bahari mpaka giza liingie. Kila jioni tuliagiza mvinyo uleule mweupe wa pale, wa zabibu za Assyrtiko. Sijawahi kunywa kitu kama kile. Ukiuweka mdomoni ni mkali kama ndimu, halafu inabaki ladha ya chumvi kwa mbali, kama unavyojilamba midomo baada ya kuogelea.

Tukanunua chupa nne, lebo ileile, mwaka uleule. Nyumbani nikazipumzisha wiki nzima, kisha nikafungua moja kwa samaki wa kuchoma. Mvinyo mchachu tu, basi. Mke wangu akaniuliza kama nina hakika ndiyo yenyewe. Chupa ya pili mambo yakawa yaleyale.

Zimebaki mbili na sitaki kuzigusa kabla sijaelewa. Mvinyo uliharibika njiani, au nimebadilika mimi?

#2 Ngalawa Tupu
Nakaa hapa nisubiri wajuzi. Mimi yalinikuta hayohayo kwenye kahawa.

#3 Fundi Pipa
Mkuu, swali moja kabla ya yote. Siku ya kuondoka, chupa zilikaa wapi kuanzia unatoka hotelini mpaka unapanda feri?

#4 Kiti cha Ufukweni
Fundi, nitasema ukweli. Chumba tulirudisha saa nne asubuhi, feri ya Piraeus ilikuwa saa tisa alasiri. Zilikuwa kwenye buti ya gari la kukodi, sisi tukaenda kuogelea mara ya mwisho Kamari.

#5 Fundi Pipa
Basi jibu unalo. Saa tano ndani ya buti, gari liko juani kwenye kisiwa kisicho na kivuli. Mvinyo ukishapita nyuzi 30 unaanza kupikika. Harufu ya matunda ndiyo inayoondoka kwanza, unabaki uchachu mtupu. Umeeleza dalili zote bila kujua.

Halafu fikiria ulikuwa unaunywa wapi. Pale mvinyo unahifadhiwa kwenye kanava, mapango yaliyochimbwa ndani ya majivu magumu ya volkano, na joto la mle halipandi wala halishuki sana mwaka mzima. Umetoka pangoni, umefika mezani kwako. Huo ndio mvinyo uliokuwa nao kibarazani.

#6 Mchumaji
Fundi, nusu nakubali, nusu nakataa.

Niliishi Ugiriki miaka mitatu, na misimu miwili ya mavuno nilichuma zabibu Megalochori, kisiwa hichohicho. Mavuno yanaanza mapema Agosti na shambani tunaingia alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne jua halina huruma. Mtu akisikia shamba la zabibu anafikiria mistari iliyosimama juu ya waya. Pale hakuna waya. Mzabibu umesukwa duara chini ardhini, mithili ya kiota kikubwa. Wenyewe wanauita kouloura, na vichala vinaning'inia ndani ya kiota. Unapiga magoti, mkono wa kushoto unafunua majani, wa kulia unapapasa kikonyo ukiwa hukioni. Chini ya magoti ni chengachenga za lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo watu wanasugulia visigino. Usiku ukungu unapanda kutoka baharini, mawe yale yananyonya unyevu, mchana mizizi inaufuata. Kiangazi chote mvua huioni.

Sababu ya kusuka mzabibu hivyo ni upepo. Meltemi ya Julai na Agosti ikivuma inaokota zile chenga na kuzirusha kama msasa. Jioni nilikuwa natoa mchanga masikioni kwa kitambaa chenye maji.

Hoja yangu ni hii. Udongo ule una potasiamu kidogo, ndiyo maana zabibu inabaki na uchachu mkali hata ikiiva kwenye jua la namna ile. Mvinyo wenye uchachu kiasi kile ni mgumu kuharibika. Saa tano za buti zitauumiza, sikatai, lakini kuugeuza kabisa? Mleta mada, ulipofungua nyumbani ulikuwa baridi kiasi gani?

#7 Kiti cha Ufukweni
Nilitoa kwenye friji, ulikuwa umelala humo tangu usiku.

#8 Mchumaji
Ndipo nilipotaka tufike. Mvinyo wa nyuzi 4 au 5 hauna harufu, ulimi umekufa ganzi, kinachopenya ni ukali peke yake. Mvinyo huu hunywewa kwenye nyuzi 10 hadi 12. Pale kibarazani glasi ilikuwa inapata joto polepole mnavyoongea. Mlikuwa mnaukuta njiani, unafunguka.

#9 Maswali Mengi
Ndugu zangu mnahangaika na chupa, wakati kilichobadilika ni kichwa.

Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vya Caltech na Stanford, Marekani, walichukua watu 20, wakawaweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonjesha mvinyo. Mvinyo mmoja waliupa bei mbili: mara dola 10, mara dola 90. Uliposemwa ni wa dola 90 watu walisema ni mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikawaka zaidi. Hawakuwa wanadanganya, walisikia utamu kweli. Sasa wewe hukuambiwa bei tu. Uliwekewa bahari mbele, mke pembeni, na siku sita bila simu ya bosi.

Na kuna ule utafiti wa Ufaransa ambapo wajuzi wakubwa wa dunia walinywa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakaueleza kama mwekundu.

#10 Zabibu Kavu
Maswali, sahihisho dogo. Utafiti wa Bordeaux uliotoka 2001 ulifanywa kwa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo wa chuo kikuu cha hapo. Hawakuwa wajuzi wakubwa wa dunia. Na walitakiwa kuchagua maneno ya kueleza harufu. Kwamba maneno waliyochagua yalifuata rangi, ni kweli. Lakini kutoka hapo kwenda kusema ladha yote iko kichwani ni mbali sana.

#11 Maswali Mengi
Sahihisho nimelipokea, asante. Hoja yangu nabaki nayo.

#12 Bi Utulivu
Hodi. Mimi situmii kilevi, lakini Santorini nimefika na dada zangu wawili, na nina ushahidi ambao nyote mmeuruka.

Nilipokuwa kule nyanya zilikuwa tamu mno. Zile ndogondogo, ngozi ngumu, tulizila kama matunda. Fava yao, ile dengu ya njano wanayoiponda na kumwagia mafuta ya zeituni na vitunguu, nilikula kila siku mchana. Nimebeba mfuko wa fava mkavu, nimepika nyumbani vilevile walivyonionyesha, haikuwa ileile. Fava haiharibiki kwenye buti ya gari. Haina kizibo. Haipotezi harufu kwa baridi ya friji.

#13 Ngalawa Tupu
Bi Utulivu ameingia na mzigo mzito. Fundi, jibu hapo.

#14 Mchumaji
Dada, nyanya zina maelezo yake. Hazimwagiliwi, zinaishi kwa ukungu uleule wa mizabibu, kwa hiyo maji ndani ni machache na sukari imekolea. Hiyo ni tofauti ya kweli ya mmea na udongo. Fava nayo huko kwenu ulipika na maji gani? Maji yakiwa na chokaa nyingi, jamii yote ya kunde hukataa kulainika. Usiiweke kapu moja na mvinyo.

#15 Bi Utulivu
Sawa kaka, nyanya nimekupa, na maji ya kupikia nakupa. Basi nijibu moja tu. Maji ya kunywa ya chupa, yaliyoletwa kwa meli kutoka bara, mbona nayo yalikuwa matamu?

#16 Mchumaji
Hilo sina jibu.

#17 Baharia wa Zamu
Mimi nimefanya kazi kwenye meli ya watalii, na kituo cha Santorini nimekipitia mara nyingi kuliko nyinyi wote hapa. Nawapa upande wa pili.

Meli haitii nanga pale, maji ya kaldera, lile shimo la volkano lililojaa bahari, yanakaribia kina cha mita 400. Abiria wanateremshwa kwa boti ndogo mpaka bandari ya zamani ya Fira, kisha ama wapande ngazi 588, ama wapange foleni ya lifti ya waya. Ukitoa foleni ya kupanda na ya kushuka, abiria anabaki na saa tatu hivi. Mara moja nilipata ruhusa nusu siku. Nikapanda ngazi kwa miguu, nikajitupa kwenye kiti ukingoni mwa genge, nikaagiza Assyrtiko. Mandhari ndiyo ile ya kwenye kadi za posta. Mvinyo ndio huohuo wa mleta mada, kutoka pangoni, baridi yake sahihi. Nilikuwa nahesabu dakika za boti ya mwisho. Niwaambieni, sikuonja kitu. Leo mtu akiniuliza ladha yake ilikuwaje, sina.

Kwa hiyo mimi nasema tofauti ni mapumziko. Si kisiwa, si bahari, si zabibu.

#18 Maswali Mengi
Baharia umenisaidia sana. Mahali pamoja, chupa moja, akili mbili.

#19 Fundi Pipa
Hajakusaidia. Mtu aliyepanda ngazi 588 juani, jasho linamtoka na pua imekauka, ataonja nini? Huo ni mwili, ndugu yangu, akili haijafika bado.

#20 Mtoto wa Forodhani
Mimi nawapa siri ambayo hawa wafanyabiashara hawaisemi. Mvinyo wanaokunywa wenyewe kule hauna salfa, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo. Wa kusafirisha nje ndio wanautia salfa nyingi. Ndiyo maana kule hauumizi kichwa na nyumbani unakuumiza.

#21 Zabibu Kavu
Mtoto wa Forodhani, hili tulizungumze vizuri maana linasambaa sana. Mvinyo wowote unapochachuka unatengeneza salfa kidogo wenyewe, kwa hiyo usio nayo kabisa ni nadra. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chupa iandikwe ikizidi miligramu 10 kwa lita, na mvinyo mweupe mkavu kikomo chake ni 200. Sheria ni moja kwa chupa inayobaki na inayosafiri. Mleta mada alinunua dukani kisiwani lebo ileile aliyokuwa anamiminiwa mezani. Hakuna pipa la wenyeji na pipa la wageni hapo.

Kichwa hakikuuma kwa sababu ulikula, ukanywa taratibu, na kesho yake ulilala mpaka saa tatu.

#22 Mtoto wa Forodhani
Lakini ule wanaouza kwa jagi kwenye migahawa, usio na lebo?

#23 Zabibu Kavu
Huo ni mwingine, hapo una hoja. Wa jagi mara nyingi ni wa mwaka huohuo na haukutengenezwa ili usafiri. Sema mleta mada alikunywa wa chupa.

#24 Mama wa Vitabu
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna anayejua kuhusu Vinsanto? Nilipewa zawadi ya chupa ndogo, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo. Mtu akaniambia jina wamewaibia Waitaliano.

#25 Mchumaji
Mama, hawajaiba. Vinsanto ya Santorini ni mvinyo wa zabibu zinazoanikwa juani karibu wiki mbili mpaka zisinyae, kisha unakaa kwenye pipa la mwaloni si chini ya miezi 24. Angalau asilimia 51 lazima iwe Assyrtiko. Umoja wa Ulaya unalitambua jina hilo kuwa la kisiwa. Watoskana wana Vin Santo yao, wanaandika maneno mawili, na wao huning'iniza zabibu ndani ya vyumba.

Kuhusu asili ya jina wapo wanaosema ni kifupi cha mvinyo wa Santorini tangu enzi za Wavenisi. Wengine wanasema ni mvinyo mtakatifu, kwa kuwa makanisa ya Kiorthodoksi hadi Urusi yaliutumia kwa komunyo. Na Santorini lenyewe limetoka kwa Mtakatifu Irini, kwa hiyo utakatifu upo kwenye njia zote mbili.

Nimeanika hizo zabibu kwa mikono yangu. Unazipanga chini kwenye uwanja wa wazi na unazigeuza moja moja. Nyigu wanakusimamia mwanzo mwisho.

#26 Ngalawa Tupu
Naomba mwongozo wa fukwe, nataka kumpeleka mama watoto. Mchanga mweupe uko upande gani?

#27 Bi Utulivu
Mchanga mweupe kaka usiutafute huko. Kamari na Perissa ni mchanga mweusi na vijiwe, vimetenganishwa na kilima cha Mesa Vouno. Mchana unaunguza, beba ndala, mimi nilikimbia kutoka kwenye taulo mpaka majini nikipiga kelele. Kuna Ufukwe Mwekundu karibu na Akrotiri, mzuri kwa macho, ila genge lake huporomoka mawe, tazama kwa mbali. Vlychada ndiyo niliyoipenda. Kuta za majivu zimechongwa na upepo, na watu ni wachache.

Machweo kila mtu atakutuma Oia. Nenda Imerovigli, jua ni lilelile na utapata pa kusimama.

#28 Ngalawa Tupu
Ubarikiwe. Na matetemeko yale?

#29 Baharia wa Zamu
Februari 2025 yalifululiza mpaka zaidi ya watu 10,000 wakaondoka kwa feri na ndege. Baadaye yakatulia, watu wakarudi. Kisiwa ni mdomo wa volkano, Nea Kameni, kile kisiwa kidogo pale katikati, kililipuka mara ya mwisho mwaka 1950. Wenyeji wanaishi wakijua hivyo. Fuatilia matangazo kabla ya kukata tiketi. Ukija kwa meli ya watalii, tangu Julai 2025 kuna ada ya euro 20 kwa kichwa msimu wa watu wengi.

#30 Pua ya Bahari
Turudi kwenye mada. Ile chumvi aliyoisema mleta mada pale #1 hakuna aliyeigusa.

Ukikaa ukingoni mwa bahari siku sita, chumvi iko kwenye midomo, kwenye ndevu, kwenye glasi. Hewa unayovuta wakati unakunywa ni ya bahari. Ladha nyingi tunayoihisi ni harufu inayopanda puani kupitia koo. Kwa hiyo pale ulikunywa mvinyo na bahari kwa pamoja. Nyumbani umekunywa mvinyo peke yake. Hata maji ya Bi Utulivu yanaingia hapo: baada ya chumvi, maji yoyote huwa matamu.

#31 Bi Utulivu
Pua ya Bahari, umenifikirisha kweli. Kila nikitoka kuogelea ndipo nilikuwa nayanywa.

#32 Mchumaji
Wenyeji nao wanaisikia hiyo chumvi, na wengi wanasema ni upepo wa bahari unaotua juu ya zabibu zenyewe. Nimelamba zabibu shambani asubuhi, ngozi ina chumvi. Kama inafika mpaka kwenye glasi, hapo ndipo tulikuwa tunabishana kila siku wakati wa kula.

#33 Fundi Pipa
Ubishi hautaisha kwa maneno. Mleta mada una chupa mbili. Tafuta lebo hiyo, mwaka huo, kwa muuzaji anayeingiza mzigo kwa baridi. Mtu mwingine amimine, wewe usione. Nyuzi 11. Yako iliyopita kwenye buti ikishindwa, ni joto.

#34 Kiti cha Ufukweni
Wakuu, wiki tatu zimepita, nimerudi na majibu. Chupa ya kulinganisha, iliyotunzwa kwa baridi, niliipata.

Dada yangu alimimina jikoni, akaleta glasi nne, mbili mbili, hakuna alama zaidi ya karatasi chini ya kitako. Mimi na mke wangu tukanywa bila kusemezana, tukaandika. Mke wangu aliona glasi zote sawa. Mimi nilichagua moja papo hapo, ilikuwa na ile ndimu na ile chumvi kwa mbali. Nikamwambia dada hii ndiyo iliyotunzwa kwa baridi.

Ilikuwa ya kwenye buti.

#35 Maswali Mengi
Sina la kuongeza.

#36 Fundi Pipa
Subiri kwanza. Glasi uliyochagua uliinywa ya kwanza au ya pili? Ya kwanza inakuta ulimi mkavu, huwa inashinda.

#37 Kiti cha Ufukweni
Ya kwanza.

#38 Mchumaji
Halafu safari hii uliinywa nyuzi 11 na ile ladha ikarudi, hata kama ni kidogo. Mbona hilo mnalipita? Tulisema friji tangu #8.

#39 Zabibu Kavu
Jaribio la mtu mmoja, glasi mbili, mara moja. Mngerudia mara kumi ndipo tuzungumze.

#40 Kiti cha Ufukweni
Mara kumi sitaweza, imebaki chupa moja. Nakiri kitu kimoja. Ladha ilirudi, lakini haikufika pale ilipokuwa Pyrgos. Hata nusu haikufika. Mke wangu amesema chupa ya mwisho tuirudishe kisiwani, tukae kibaraza kilekile, tuifungue pale. Nilidhani ananitania. Kesho yake nikamkuta anaangalia ratiba za feri.

#41 Pua ya Bahari
Huyo mwanamke ameshinda uzi mzima.

#42 Fundi Pipa
Itakuwa imesafiri mara mbili na imezeeka mwaka mmoja zaidi. Ikiwa nzuri hutajua ni bahari au ni umri, Assyrtiko inazeeka vizuri.

#43 Kiti cha Ufukweni
Najua, Fundi. Tunakwenda nayo hivyohivyo. Mwezi wa tisa, tukifika nitaandika hapahapa.

#44 Bi Utulivu
Nisaidie jambo moja mkifika. Mke wako anywe glasi ya maji ya chupa kabla ya kuogelea, na nyingine baada. Aniandikie.